Udongo wa Kumpelekea Mama

Baba alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga hifadhi ile mpaka anaingia kaburini, na si mtu wa kuapa halafu akasahau. Ng'ombe wake walitolewa kule nyikani enzi zile watu walipoambiwa wahame kuipisha. Akapanda mlimani Suji, akalima, akazeeka, na kila tukiwa Same mjini gari la watalii likapita, yeye aligeuza uso akaangalia maduka. Kwa hiyo asubuhi moja, miezi minne baada ya kumzika Mama, aliponiambia nimtafutie mahali pa kulala humo humo hifadhini, nilidhani uzee umeanza kumchezea akili.

Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu. Mama, katika siku zake za mwisho, alimwomba kitu kimoja. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alifia nyikani kabla hajafikisha miaka mitatu, akazikwa huko huko, mimi nikiwa sijazaliwa. Nilijua tu kwamba niliwahi kuwa na dada. Nyumbani kwetu mtoto aliyekufa hatajwi, na siku niliyouliza nikiwa mdogo nilitumwa kuni. Sasa Mama alitaka udongo wa kaburi la mtoto yule, hata kiganja kimoja, uletwe na kuchanganywa na wa kwake kabla kaburi halijajengewa. "Nimemwacha peke yake muda mrefu," alisema. Baba akamwahidi. Ndiyo maana kaburi la Mama lilikuwa bado tuta la udongo, wakati waliozikwa baada yake walishawekewa saruji na vigae, na majirani walishaanza kunong'ona kwamba mwana mzima nimeshindwa kumsitiri mama yangu.

Nikatafuta. Mahali pazuri kwetu palikuwa ni yale mabanda ya kujipikia, yaliyo ndani kabisa ya hifadhi, ambayo mgeni anapewa jiko, sufuria na kitanda, mengine ajitegemee. Hoteli Baba asingekubali. Ni Msabato wa zile siku. Hali chakula kilichopikwa kwenye chungu asichokijua kimepikiwa nini. Halafu mabanda yale yana utaratibu wa askari kuwatembeza wageni kwa miguu asubuhi, na huo ndio tuliouhitaji, maana kaburi halitafutwi kupitia dirisha la gari. Tulipata nafasi ya Ijumaa mpaka Jumapili. Nikaazima gari la shemeji yangu, tukashuka mlima tukiwa na mahindi ya makande, maharage, parachichi, mchaichai, na tangawizi ya kule Mamba, mlimani kwetu, ambayo Baba anaiamini kuliko dawa zote za hospitali. Mfukoni mwa koti alikuwa na kitambaa cha Mama cha kichwani, amekikunja vizuri. Humo ndimo udongo ungefungwa.

Tulipopokelewa na askari wa pale, mwanamke wa makamo, mkavu, bunduki begani, alimwamkia Baba, "Shikamoo mzee wangu." Baba akaitika, "Marahaba," huku akiangalia ile bunduki kuliko uso wa mwenyewe. Akatusomea masharti. Chakula kisiachwe nje, nyani watakibeba. Mtu asitoke barazani bila yeye. Na kitu chochote cha hifadhi, kiwe mfupa, jiwe au unyoya, hakitoki. Baba alinitazama. Mimi nikatazama dari. Tulishakubaliana njiani kwamba hilo tutalizungumza baadaye, kwa lugha ya kiutu uzima.

Askari alipoondoka nikafungua mlango wa baraza, ndipo nikaliona bwawa.

Hapa lazima niseme jambo nililomficha Baba miaka mingi. Mimi kazi yangu ni kuchimba na kujenga mabwawa. Nimeirithi mlimani, kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya kukusanya maji ya mfereji kabla ya kuyafungulia mashambani. Utotoni tulikuwa tukiitwa kwenye msaragambo, kijiji kizima na majembe, kuzibua matope. Mwaka mmoja wa ukame mkali, binti yangu akiwa darasa la pili, mkandarasi mmoja alinichukua niwe msimamizi wa kuchimba bwawa la wanyama ndani ya hifadhi. Alitaka Mpare kwa sababu alisikia Wapare tunajua udongo unaoshika maji. Nilikubali, na nyumbani nikadanganya kwamba nimepata kibarua cha barabara. Ningemwambiaje Baba kwamba ninawachimbia maji tembo mahali ambapo ng'ombe wake walifukuzwa?

Bwawa lenyewe ndilo hilo lililokuwa mbele yangu. Wakati wetu hapakuwa na banda hata moja, palikuwa na vumbi na mahema yetu mawili. Sasa walikuwa wamejenga vyumba vya wageni vikiliangalia, na maji yalikuwepo, mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, na twiga watatu wamepanua miguu wanakunywa. Sitasema uongo, nilivimba kichwa. Tuta langu lilikuwa halijatoa ufa. Nilisimama pale nikitamani sana kumwambia mtu, na mtu pekee aliyekuwepo ndiye ambaye singeweza kumwambia.

Tukapika mapema, kwa sababu Ijumaa jua likizama Sabato imeingia na moto wa kupikia hauwashwi tena. Makande hayana haraka, na jiko lile la gesi lilikuwa na moto wa kuonea huruma. Baba alikaa kwenye kigoda akisimamia sufuria kana kwamba ni mimi nisiyejua makande, "Usikoroge, utayaponda. Ongeza maji, lakini ya moto." Nyani mmoja akaingia kwa dirisha la jikoni, akachukua parachichi mbili kwa utulivu, akatoka. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msibani. Jua lilipozama tulikuwa tumeshafunika sufuria, tukaimba wimbo mmoja, akaomba, akamtaja Mama kwa jina na yule mtoto kwa jina. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina la dada yangu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili.

Jumamosi Baba alivaa suti. Koti, tai, viatu vilivyopigwa rangi, Biblia mapajani, akakaa barazani kwenye kiti cha kamba kama yuko kanisani mstari wa mbele. Kumtafuta mtoto siku ya Sabato asingekubali, kwake hiyo ni kazi. Kuangalia uumbaji, alisema, si kazi. Basi tukaangalia. Walikuja choroa na zile pembe zao ndefu, wakaja ngiri, wakaja punda milia wakigombana. Kabla ya adhuhuri likaja kundi la tembo, na mzee wangu aliyeapa kutokanyaga humu akawa anawahesabu, anawasoma kama mfugaji: yule jike ana mimba, yule dume ameumia mguu wa nyuma, huyu mdogo hanyonyi vizuri. "Wamenona," alisema. "Kumbe wanalishwa vizuri." Hakusema kwa uchungu. Nilifurahi kiasi kwamba nilianza kuamini safari hii itatuponya wote wawili.

Baadaye akanyanyuka, akashika nguzo ya baraza, akawa anafumba jicho moja na kuangalia milima. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naangalia tuko wapi," alisema. "Nyikani huwezi kuweka alama ya mti. Mti unaliwa, unaungua. Tunaweka alama kwa vilima. Ukisimama pale tulipomlaza, kilele cha Shengena kinakaa juu kabisa ya kile kilima kifupi chenye mgongo wa jiwe. Unakiona? Halafu ukigeukia jua linakochomoza, vile vilima viwili vinafumba, huoni nafasi katikati. Yakitimia yote mawili, umefika. Mama yako alinifundisha kukumbuka hivyo. Mimi nilikuwa nalia tu."

"Na kutoka hapa?"

"Kutoka hapa Shengena imeegemea kushoto kidogo. Nafasi ya vilima inaonekana, lakini nyembamba kama mlango uliorudishiwa." Alinishika bega. "Mwanangu, tumekaribia. Ni hapa hapa mbele. Hatua mia mbili, mia tatu. Mungu ametuweka mlangoni pake."

Mbele, hatua mia mbili, mia tatu, palikuwa na bwawa.

Bado sikuwa nimeelewa. Nilidhani kaburi litakuwa ukingoni, au ng'ambo. Baba akakaa, akajifuta jasho, akaendelea kuzungumza kwa sababu siku hiyo maneno yalikuwa yamemfunguka. "Na tukipata bahati isale litakuwepo. Nililitoa Suji, nikalishusha kwa miguu, nikalipanda kichwani pake. Ng'ombe hawalili. Hata likikauka, kisiki chake huwa hakifi upesi."

Nikasema ninakwenda kuandaa makande. Niliingia jikoni nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Isale lile nalijua. Lilikuwa moja, lenye mashina matatu, limesimama peke yake kwenye kibonde cha udongo wa kijivu, udongo ule ule ambao mimi, fundi hodari, nilikuwa nimeuchagua kwa kuushika na kuufinyanga na kusema hapa maji hayatapotea. Mlimani kwetu isale ni mmea wa mpaka. Ukilikuta unajua shamba la fulani limeishia hapo, na ukilisogeza hata hatua moja mtajibizana mahakamani mpaka wajukuu. Dereva wa katapila alikuwa mtu wa kutoka mbali, akaliona, akazima mashine. Akauliza, "Hii si dawa ya mtu? Si kaburi?" Mimi nikacheka. Nikawaambia vibarua wote, "Jamani, hata huku porini Wapare walishafika kushtakiana mipaka!" Wakacheka sana, maana utani huo hauzeeki. Dereva akakataa kuligusa. Basi nikashuka mimi mwenyewe, nikaling'oa, nikalitupa pembeni, nikampungia mkono aendelee.

Mipaka ya nini nyikani? Wafugaji wanalimiana wapi? Ningejiuliza swali hilo moja tu, la kitoto, ningesogeza bwawa hatua hamsini na kila kitu kingekuwa salama. Mgeni asiyejua chochote kuhusu isale aliogopa, na alikuwa sahihi. Mimi niliyezaliwa kati ya masale nilijua kupita kiasi. Nimejichukia kwa mambo mengi maishani, lakini kujichukia kwa namna ile sikuwa nimekutana nako.

Nilipaswa kutoka nimwambie pale pale. Nikajiambia leo ni Sabato, mzee ana furaha, nisimharibie siku ya Bwana. Kisingizio kizuri cha dini. Sikuwahi kuiheshimu Sabato kwa kiasi kile. Nikapakua makande, tukala, akaomba nyongeza. Mchana ule wote nilikaa kando yake nikiangalia maji, na kila mnyama aliyeingia kuoga nilitamani nimrushie jiwe.

Jumapili askari alikuja mapema, nikamweleza kaburi tunalolitafuta na udongo alioutaka Mama, akasema tulione kwanza. Akatangulia yeye, Baba katikati na fimbo yake, mimi nyuma. Nyati wawili wazee walikuwa ng'ambo, akatuzungusha tupite upande wa upepo. Baba alikuwa anatembea kama mtu wa miaka sitini. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akafumba jicho, akaangalia Shengena, akasogea kulia. Tulifika kwenye tuta, tukapanda, na juu ya tuta akasimama. Akaangalia mlima. Akageuka akaangalia vilima viwili. Akaangalia mlima tena. Kisha akanyoosha fimbo akaielekeza majini, hatua kama ishirini kutoka ukingoni, ambako korongo mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Ni pale," alisema. Akashusha fimbo. Halafu, "Bwawa hili halikuwepo. Hapa palikuwa na kibonde. Nani amechimba?"

Askari akasema, "Mimi nimelikuta, mzee wangu. Ni la zamani kidogo."

Ningeweza kunyamaza. Nililipima hilo, na simpi mtu yeyote nafasi ya kunisifu kwamba sikunyamaza, kwa sababu niliongea kwa kushindwa kubeba, si kwa ushujaa.

"Ni mimi, Baba. Ule mwaka niliosema niko barabarani. Nilikuwa hapa. Mimi ndiye niliyechagua mahali."

Hakunielewa upesi. Nikarudia, na safari hii nikamweleza na isale, na utani wangu, na dereva aliyekataa. Sikuacha kitu. Askari alisogea mbali, akajifanya anaangalia nyati.

Baba aliuliza, "Ulimwona?"

"Hapana, Baba."

"Mifupa yake ni midogo. Usingeiona." Kisha akauliza, "Lile isale uling'oa kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Lilikuwa na mizizi?"

"Lilikuwa nayo. Mirefu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama yako alikuwa analimwagilia. Hata baada ya kuhamishwa. Alikuwa anashuka kwa siri na kibuyu, anasema amekwenda kwao. Mimi nilijua, nikanyamaza. Mpaka miguu ilipomkatalia." Nikataka kumshika mkono, akaupeleka mfukoni. "Udongo mliotoa hapo ndani, mliuweka wapi?"

"Ndio huu, Baba. Ndio tuta. Tumeukanyaga."

Aliangalia chini. Tuta lile nilikuwa nimelishindilia mwenyewe, tabaka kwa tabaka, siku kumi na nne, na juu yake palikuwa na kwato na mavi ya tembo ya kila umri. Askari akarudi. Nadhani alikuwa amesikia yote. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, utaratibu ninaujua, ndio niliowasomea. Lakini mimi naangalia huku. Chukua kidogo umpelekee mama." Akatupa kisogo.

Baba akatoa kitambaa, akakikunjua. Akainama kwa shida, akachimbua kwa ncha ya fimbo, akajaza kiganja. Akakaa nao mkononi muda mrefu, akiupekua kwa kidole gumba kama mtu anayechambua mchele. Mimi nilikuwa ninaomba, kwa kweli niliomba, aufunge tu, twende. Akafungua vidole ukamwagika.

"Mke wangu sikumdanganya akiwa hai," alisema. "Siwezi kuanza sasa. Huu ni udongo tu."

Akakunja kitambaa kitupu, akamshukuru askari kwa adabu zote, akateremka tuta bila kuegemea bega langu.

Tulirudi bandani nikaosha sufuria, nikafagia, kwa sababu ndio masharti ya banda la kujipikia, uliache ulivyolikuta. Baba alisubiri ndani ya gari. Nilisimama Same mjini kujaza mafuta. Kwenye ukoo wetu mtu akifariki, mwanawe mkubwa wa kiume ndiye anayegonga jembe la kwanza la kaburi, na vijana wengine ndio wanapokea. Baba alimfanyia babu. Mimi nilimfanyia Mama, na nilikuwa najua tangu nikiwa mtoto kwamba nitamfanyia na yeye. Ni kitu unachokiogopa na unachokitegemea kwa pamoja, maana ndicho cha mwisho unachoruhusiwa kumfanyia mzazi.

Nilipoingia kwenye gari akasema, "Mpigie fundi. Kesho aje ajengee kaburi la mama yako."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na siku yangu ikifika," alisema, akiangalia mbele barabarani, bila ukali wowote, "wewe usishike jembe."